Leo Nimemzuia Mama Mkwe Njiani

Leo nimebishana na mama mkwe, na nimeshinda.

Tulikuwa tunaenda kuchuma maua ya pareto shambani kwa mzungu, hapa nje ya Nakuru. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Ghafla nikamshika mkono. "Mama, tusipite hapa."

"Kwa nini?"

"Sijui."

Akakasirika. "Tuchelewe kwa ajili ya sijui?"

Sikumwachilia. Mara ardhi mbele yetu ikadidimia, pakabaki shimo la kumeza ng'ombe.

Baadaye ndipo nikaelewa. Njia nzima ilijaa madimbwi, lakini pale maji yalikuwa yanazama chini, kwa kuwa ardhi ilikuwa na uwazi ndani. Macho yangu yaliona kabla akili haijajua.

Jioni hii, mama ambaye hajawahi kunisifu anawaambia majirani, "Kuanzia leo, mke wa mwanangu ndiye atakayenitangulia njiani."

Nani mwingine ameambiwa hivyo na mama mkwe wake?