Kopo la Biskuti Kwenye Mnada wa Kanisa

Kwa miaka mingi sarafu zangu za zamani zilikaa ndani ya kopo la bluu la biskuti za siagi. Kila nyumba ya Mtanzania ninayoijua hapa ughaibuni, Germantown, ina kopo kama hilo, na ndani yake kuna kila kitu isipokuwa biskuti. Langu lilikuwa na senti zenye tundu za enzi za Mwingereza, na mkubwa wao wote, hela moja ya shaba ya wakati wa Mjerumani, ambayo baba alinikabidhi siku nilipopata kipaimara. Mkwe wangu husema ndiyo sababu nilihamia Germantown, yaani "mji wa Wajerumani", nimrudishe Mjerumani kwao.

Sarafu ya zamani haisuguliwi. Mke wangu aliwahi kujitolea kuzing'arisha kwa majivu na limau, kama anavyosugua sufuria, nikalala na kopo chini ya mto wiki nzima. Adui yao mwingine ni unyevu, na kiangazi cha huku kina unyevu wa kuotesha uyoga kwenye soksi. Kwa hiyo nilifunga kila sarafu kwa karatasi, nikaongeza vile vipakiti vya kufyonza maji vinavyokuja na viatu vipya, kisha nikazungushia kopo utepe. Likaonekana kama limetoka dukani asubuhi ile.

Wiki hiyo hiyo mke wangu alinunua kopo la biskuti, rangi ile ile, kwa ajili ya sikukuu ya mavuno. Ushirika wetu mdogo, uliokuwa ukiazima kanisa kule Fairfax, ulifuata desturi ya nyumbani: watu huleta ndizi, mayai au keki, vinaombewa madhabahuni, na baada ya ibada vinanadiwa. Jumapili ile mke wangu alitia kopo kwenye mfuko, nami nikaubeba mwenyewe hadi kwenye gari.

"Mama, biskuti hizi zimepikwa kwa saruji?" nikamuuliza.

"Kwako kila kitu kizito, isipokuwa kijiko."

Mnadi alipoliinua kopo na kulitikisa, likalia mlio ninaoufahamu kuliko kengele ya kanisa. Zilikuwa sarafu zangu, na nilitamani kulinyakua. Lakini mimi ni mzee wa kanisa, na ndimi niliyewafundisha vijana kwamba kilichokwisha kuombewa hakidaiwi tena. Njia ilikuwa moja tu, kulinunua.

"Dola kumi!" nikasema.

"Ishirini!" akajibu muuguzi mmoja Mkenya aliyekaa nyuma yangu. "Mzee, hizo utazitafuna na meno gani?"

"Thelathini!"

"Wueh! Mzee ameamua! Haya, forty!"

Kutoka upande wa akina mama ikaja sauti ninayoamka nayo kila siku. "Hamsini."

Daktari alikuwa amenikataza sukari, na mke wangu alikuwa askari wa daktari. Nikamchorea duara hewani kwa kidole, nikimaanisha sarafu. Yeye akaona biskuti, akajipandishia dau mwenyewe.

"Sitini! Na asiguse hata moja!"

Kanisa likacheka. Mimi mfukoni sikuwa na za kumpita. Mke wangu akalipa na, kama tufanyavyo, akamzawadia mchungaji kopo palepale. Mchungaji akakata utepe awagawie watoto. Akafungua karatasi moja, akafungua na ya pili.

"Mama," akasema kwa upole, "hii biskuti ina tundu na taji la mfalme."

"Kumbe mzee alikuwa ananunua pesa na pesa!" muuguzi akapiga kelele, akishika mbavu.

Mke wangu alinitazama. Niliiangalia sakafu nikiomba kimoyomoyo, maana hela ya baba ilikuwa sasa mali ya mchungaji, kihalali kabisa. Ndipo mke wangu akasimama, akakohoa kidogo.

"Mchungaji, wakati wa kutoa nilisema, Bwana pokea biskuti hizi. Sikutaja sarafu."

Mchungaji akafikiri, akafunga kopo. "Basi sadaka iliyoombewa bado iko nyumbani kwenu Germantown. Hii imekuja kutembea tu."

Akanirudishia. Nilishukuru mpaka miwani ikaingia ukungu, na njia nzima kurudi nyumbani nilimpakata Mjerumani wangu mapajani kama mjukuu. Mke wangu aliendesha gari mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Jumapili iliyofuata tulimpelekea mchungaji kopo lake la biskuti. Alitushukuru sana, akaliombea tena, lakini kwanza alilisogeza sikioni akalitikisa.