Kunja Kwanza Ndipo Ununue: Roda Silwimba na Mpira wa Visima

Saa mbili asubuhi, Tunduma. Malori yaliyopanga foleni kuelekea mpakani yamezima injini. Nyuma ya maegesho, ndani ya karakana ya mabati, Roda Silwimba anasubiri roli mbili za chuma zipate moto. Zinazunguka taratibu zikiwa zimekaribiana, na katikati zinatafuna bonge la mpira mbichi.

Roda, mwenye miaka 43, anachota unga mweusi kwa kopo na kuunyunyiza juu ya mpira kidogo kidogo. Kila akinyunyiza, wingu dogo linampanda usoni. Puani amejifunga kipande cha kitenge, maana barakoa karakana hii haijawahi kununua.

Leo hayuko peke yake. Pembeni ya mashine wamesimama wanawake watatu kutoka bondeni Momba, mikono kifuani, macho kwenye roli. Unga mweusi anaoumwaga Roda ni wao. Wameununua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, kwa fedha za kikoba chao, na wamesema hawatoki hapa mpaka mpira wao utoke.

"Kwetu kwenye mashine ya kusaga tunasimama hivi hivi," anasema Tabita, mkubwa wao. "Ukiacha mahindi yako ukaenda kupiga soga, unarudi unapewa unga wa mtu mwingine, tena wenye pumba. Sasa tumeona na mpira ni hivyo hivyo."

Tabita ni mama mdogo wa Roda. Kilichomtoa kijijini ni hasira, na ukimsikiliza mpaka mwisho utamkubalia kwamba ana haki nayo.

Tuanze na huo unga. Mpira mbichi peke yake ni laini, unavutika na kuchakaa haraka. Ili uwe na nguvu, huchanganywa na masizi ya kiwandani, ambayo hapa karakana wanayaita unga mweusi. Kuna na unga mweupe, wa mawe ya chokaa yaliyosagwa. Huo ni rahisi na unaongeza ujazo, lakini nguvu hauleti.

Roda alifundishwa kazi na fundi Mzambia aliyetumia ujana wake kuunga mikanda ya mpira kwenye migodi ya shaba. "Ba Mulenga alikuwa mtu wa pole pole," anakumbuka. "Anakwambia, bwino bwino, ba mayo, taratibu mama, mpira ni mtoto. Unga mweusi unamlisha. Mweupe unamjaza tumbo tu."

Tusiuonee unga mweupe. Zulia la kufutia miguu mlangoni halihitaji zaidi ya hapo. Lakini kikombe cha pampu ya kisima ni habari nyingine. Ni kipande cha mpira kinachotoshea kiganjani, kinakaa ndani ya bomba, na kila mama akishusha mkono wa pampu kinajikunja na kubana ili maji yapande. Kikipasuka, kijiji kizima kinalala na kiu.

Miaka mitatu iliyopita bei ya unga mweusi ilipanda. Mwenye karakana akatoa amri: mweusi utiwe wa rangi tu, pengo lizibwe na mweupe. Kikombe kilichokuwa kikiuzwa shilingi elfu tano kikaendelea kuuzwa elfu tano.

Linaloudhi zaidi ni kwamba wateja walifurahi. Unga mweupe ni mzito kuliko mweusi, na mnunuzi wa Tunduma hupima mpira kwa mkono, anaurusha kidogo kiganjani kama anayechagua kabichi. Akiuona mweusi na akausikia mzito, basi kwake huo ni imara. "Walikuwa wanasifia," anasema Roda. "Wanasema, siku hizi mpira wenu una uzito. Mimi nainama, naendelea na kazi."

Kwa nini alikaa kimya? Halifichi. "Nilimwambia bosi mara moja. Akaniambia, mama, wewe changanya. Nina watoto wanne, nalipwa elfu nane kwa siku. Nikachanganya."

Akitoka kazini hujisugua kwanza kwa mafuta ya kupikia, ndipo kwa sabuni, na bado masizi hubaki kwenye mistari ya viganja. Kanisani huchagua mwisho wa benchi asije akamchafua mtu. Alidhani hilo ndilo doa baya kuliko yote kwenye kazi yake.

Mwaka jana alifiwa na mjomba, akarudi kijijini kuzika. Ni kijiji kimoja bondeni Momba ambacho wenyewe wameomba kisitajwe. Alikuta pampu imekufa. Wanawake walikuwa wakichimba mchanga kwenye mto uliokauka na kusubiri maji yachuruzike, wakigombania shimo na ng'ombe.

Alikuta pia kwamba Tabita, aliyekuwa mtunza kisima, amevuliwa kazi hiyo mbele ya mkutano. Kaya zilichanga, akanunua vikombe, havikumaliza mwezi. Zikachanga tena, akanunua tena, vikapasuka. Mara ya tatu watu walisema hadharani kwamba mama huyu anakula michango na kuwaletea makapi.

"Kanisani nilikuwa napitisha kikapu cha sadaka," anasema Tabita. "Jumapili moja nikaona anapewa mwingine. Hakuna aliyenieleza. Nilikaa pale, kikapu kikapita mbele yangu, nikatia sadaka yangu kama wageni."

Mwanamke wa miaka sitini na tatu, aliyekuwa akiamka kabla ya wenzake kwenda kukaza nati za pampu bila malipo, aliitwa mwizi kwa sababu mtu mmoja mjini aliona masizi ni ghali. Mwandishi amejaribu kulitazama jambo hili kwa upole, ameshindwa.

Usiku wa kuamkia mazishi Roda aliomba aone hivyo vikombe. Tabita akavitoa uvunguni mwa kitanda. Roda alikikunja kimoja. Pale kwenye mkunjo mpira mweusi ukageuka mweupe, kisha ukachanika. Akakigeuza na kuona ukingoni kile kinundu kidogo anachokijua vizuri, kinachotokana na pengo kwenye kalibu, chuma cha kuumbia vikombe, ya karakana yao.

"Nilikaa chini," anasema. "Mama mdogo akadhani ni msiba umenizidi, akaja kunishika. Ananibembeleza, na mpira uko mkononi mwangu."

Baada ya mazishi, kabla watu hawajatawanyika, alimwomba nafasi mwenyekiti wa kijiji, Gasper Sichone. Akasimama mbele ya waombolezaji na kikombe kilichochanika. "Niliwaambia, mama huyu hajala hela ya mtu. Mpira huu nimeuchanganya mimi, kwa mikono hii."

Wapo waliomtukana, na anasema walikuwa na haki. Wengine walikipokea kikombe, wakakikunja wenyewe na kumpa jirani, kikazunguka uwanja mzima.

Mwenyekiti Gasper anaeleza akitazama viatu vyake. "Tulimwonea mama wa watu. Tulimkaba yeye kwa kuwa ndiye tuliyekuwa tunamwona. Aliyetuibia hatukuwahi kumwona." Tabita amerudishiwa kisima. Kikapu cha sadaka alirudishiwa pia, akakikataa. Anasema moyo bado.

Habari haikuchelewa kufika Tunduma. Roda aliondolewa kwenye vikombe, akapewa kuchanganya mpira wa mazulia. Vikombe akapewa mwingine, na unga ukabaki ule ule.

Mwenye karakana alikubali kuzungumza kwa sharti la kutotajwa jina. "Mteja anataka kitu cha bei nafuu," alisema. "Mimi nampa anachokitaka."

Bei nafuu ipi? Alipoulizwa mbona kikombe hakikushuka hata shilingi moja tangu unga ubadilishwe, alichukua simu yake na kuanza kuisoma. Mwandishi aliuliza pia kwenye ofisi moja mjini Vwawa ni nani anayekagua mpira wa visima. Alielekezwa ofisi ya pili, na ya pili ikamrudisha ya kwanza.

Ndipo akina Tabita wakaja na dawa yao wenyewe. Walimwambia mwenye karakana kwamba watalipia kazi ya mikono na mashine tu, kama mtu anayesagiwa mahindi, unga mweusi wanaleta wao na mchanganyaji awe Roda. Akikataa, watakaa getini pake na kumkunjia kila mteja anayetoka na kikombe. Aliwatazama, akatazama geti, akafungua mlango.

Saa saba mchana vikombe vinatoka kwenye kalibu, vya moto, vikinuka kiberiti. Vikipoa kidogo, Tabita anakaa juu ya ndoo na kuanza kukunja, kimoja baada ya kingine, anavisogeza karibu na mwanga wa mlango. Vinabaki vyeusi mkunjo wote. Wenzake wanavipanga kwenye kikapu.

Roda anafungua kitenge puani. Mpango wake ni kununua kalibu yake mwenyewe na kukodi mashine ya mtu, hata siku moja kwa juma, avihudumie vijiji vya Momba na Mbozi kwa utaratibu huu wa kila mtu kusimamia unga wake. Vijiji viwili vimeshaulizia.

"Lakini ukiniuliza ninachokitamani kweli," anasema, "natamani siku moja mama mdogo achukue mpira wangu aende nao, asiukunje."

Tabita amesikia. Amesimama kando ya roli hizi tangu asubuhi, ameuona unga wake ukiingia wote, na aliyeuchanganya ni mtoto wa dada yake.

"Siku hiyo bado, mwanangu," anasema, na anachukua kikombe cha mwisho, anakikunja.