Mama wa Cherehani na Riwaya za Upelelezi

Kambi ya Lukole ilipojaa, mimi na mama tulikuwa tukitoka kijijini kwetu Murukulazo kwenda kuuza ndizi kwenye soko la wakimbizi. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, na kila safari nilibeba riwaya ya upelelezi, nisome wateja wakiadimika.

Vitabu vilikuwa vya baba, mwalimu wa shule ya msingi. Alinieleza kwamba hadithi hizo zilianzia ng'ambo, miji ilipokua hadi majirani wakawa hawajuani, na serikali zikaajiri makachero. Waandishi wa visiwani wakazileta kwenye Kiswahili, wa bara wakaongeza bastola na magari ya kasi, vikachapwa vitabu vyembamba vya kuingia mfukoni.

"Utamu wake," alisema, "ni kwamba mtu akiuawa, lazima atokee wa kuuliza."

Jirani yetu pale sokoni alikuwa mama wa Kirundi mwenye cherehani. Kwao alikuwa mwalimu. Siku moja niliposema shikamoo, aliitikia marahaba kisha akaomba kitabu, ajifunzie Kiswahili. Akakimaliza, akataka kingine. Tukawa tunabishana muuaji ni nani, na mara nyingi alinishinda.

"Mtazame anayelia sana msibani," aliniambia, tukacheka.

Mama yangu ndiye aliyemuuliza habari za mumewe.

"Tulipokuwa tunakimbia alirudi kumchukua mama yake," alijibu. "Hatujaonana tena." Akagonga jalada la kitabu kwa kidole, lafudhi ya Kirundi ikamponyoka. "Humu amekufa mtu mmoja tu, na porisi hawarari. Ndiyo maana navipenda."

Baadaye wakaja wakimbizi wapya, mmoja wao mtu wa kilima chao, ndivyo Warundi wanavyokiita kijiji. Siku ya soko iliyofuata cherehani haikuwepo. Nilimkuta kibandani kwake, amekaa chini, macho makavu.

"Wameuawa wote wawili, mume wangu na mama mkwe," alisema. "Walijificha kwa jirani. Yeye mwenyewe akawatoa nje, wakauawa. Ndiye aliyesimamia harusi yetu."

"Watu wanajua?"

"Kilima kizima kinajua. Sasa anakaa nyumbani kwangu. Anapikia sufuria zangu."

"Na hakamatwi?"

"Nani amkamate, mwanangu?"

Nilikuwa nimemletea riwaya mpya. Akanirudishia taratibu.

"Ipeleke nyumbani. Nilikuwa nataka kujua. Nimejua, na haikunisaidia kitu."

Alirudi kwenye cherehani yake, tukaendelea kusalimiana, lakini vitabu hatukuvitaja tena. Watu walipoanza kurudi Burundi, naye alifunga mizigo. Mama alimpelekea mkungu wa ndizi, akamuuliza atakaa wapi.

"Kilima kilekile. Nina kwingine?"

Mama alilia. Yeye hakulia; alitushika mikono, akapanda lori pamoja na wenzake. Kama alimkuta mtu yule mlangoni, kama walisalimiana, sijui. Kila aliyepita kutoka upande ule nilimuuliza, hakuna aliyemfahamu.

Mpaka leo nikisoma riwaya hizo hufika mahali ambapo mpelelezi amewakusanya wote sebuleni. Anamnyooshea muuaji kidole, chumba kinakuwa kimya, pingu zinatolewa. Hapo nashindwa kuendelea. Mume wangu hudhani hadithi imenichosha.