Ndege Asiyejulikana wa Kiwanja cha Sita

"Baba mdogo, kweli hukumsikia?"

Bernadeta alimuuliza Kasimiri swali hilo akiwa darasa la nne, siku walipokaa jikoni kwa bibi, Goweko, wakimenya karanga za mbegu. Baba yake mdogo alimenya karanga moja, akaitupa kwenye maganda, na ganda akaliweka kwenye ungo. Kisha akasema, "Nenda kachote maji." Na ndoo ilikuwa imejaa pomoni.

Watu wote Goweko walijua kilichotokea msituni wiki mbili kabla ya hapo. Yaani walidhani wanajua.

Kasimiri alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magome ilining'inia hadi chini bondeni, kusini mwa kijiji, kwenye msitu mwembamba unaofuata mto. Ukisimama mlimani juu yake mwezi wa Septemba, miti yote ya miyombo imepukutika, ardhi imeungua, lakini kule chini kijani kitupu. Miti imekumbatiana kiasi kwamba saa sita ya mchana inafanana na saa kumi na mbili jioni. Akina mama hawaokoti kuni humo. Hakuna aliyewakataza. Hawaendi tu.

Watafiti walikwenda. Daktari Tunu alikuja na gari la kijani na kijana wake, Awadhi, mwanafunzi wa chuo kikuu, mtoto wa mshona nguo wa Tabora mjini. Walitaka kujua kila kinachoishi mle: miti, vyura, mende, popo. Walipima viwanja vya hatua ishirini kwa ishirini, wakafukia ndoo za kunasa wadudu, na kila kiwanja wakakifungia kisanduku kidogo kwenye shina la mti. Kinasa sauti hicho. Kasimiri kazi yake ilikuwa kushika mti na kuutaja jina, naye Awadhi anaandika.

"Hiki nacho kinasikia mbali?" Kasimiri aliuliza siku ya kwanza.

"Popo akipita tu, kimemdaka," alisema Daktari Tunu.

Naye Kasimiri akawapa sharti lake, lile alilopewa na marehemu baba yake. "Humu hatuitani majina. Ukisikia unaitwa, usiitike. Hata kama sauti unaijua. Hasa kama sauti unaijua."

Awadhi akacheka. "Sasa nikikuhitaji, Mzee Kasi, nikutumie meseji?"

"Unapiga mluzi. Fupi mbili, ndefu moja."

Awadhi akakunja midomo, akapuliza. Ukatoka upepo na mate. Daktari Tunu alicheka mpaka akashika mti.

"Mtoto wa mjini wewe," Kasimiri akasema. "Basi gonga shina kwa panga. Mara tatu."

Hakuwaambia kilichobaki. Hakuwaambia kwamba alipokuwa na miaka saba alimwona mrina mmoja aliyeitika. Mtu huyo alisikia mkewe anamwita, akaitika, akaifuata sauti, na mkewe alikuwa nyumbani anapika. Siku ya nne walimkuta amekaa chini ya mzinga wake mwenyewe, macho wazi, hawajui hata wanawe. Kasimiri alisimama nyuma ya miguu ya baba yake akamtazama. Mtu yule alikuwa anatabasamu.

Mwezi wa Desemba, siku ya mwisho ya kazi, mvua ilikuwa imetanda. Daktari Tunu alikuwa kambini, juu kando ya njia, anafunga mizigo. Kasimiri na Awadhi walikuwa wanarudi wakati Awadhi alipojipiga paji la uso. "Daftari! Nimelisahau kiwanja cha sita. Nisubiri hapa hapa, dakika kumi tu."

Akaenda na panga lake mkononi. Kasimiri akasubiri.

Kwanza ukaja upepo. Kisha kukawa giza, saa tisa ya mchana, giza la mtu kutoona vidole vyake vizuri. Vyura waliokuwa wanapiga kelele wakanyamaza wote kwa pamoja, kana kwamba mtu amewaziba midomo. Na ndani ya kimya kile akasikia:

"Kasimiriii!"

Sauti ilikuwa ya Awadhi. Ndiyo, ilikuwa ya Awadhi, na hilo ndilo lililomgandisha. Akapiga mluzi: fupi mbili, ndefu moja. Akasikiliza kama shina litagongwa. Halikugongwa. Panga analo, kwa nini hagongi?

"Mzee Kasimiriii!"

Safari hii ilitoka upande mwingine, au bonde liliizungusha, hakujua. Akapiga mluzi tena. Hakuna shina. Mvua ikaanza, matone makubwa juu ya majani, na kati ya matone alihisi kitu kinamtazama kisogoni. Hakugeuka. Sauti ikaja tena, ikaja tena. Miguu yake ikaamua yenyewe. Alipanda mlima akikimbia, miiba ikamchana shati, na hakusimama mpaka alipoliona gari.

"Awadhi yuko wapi?" Daktari Tunu akauliza.

"Alirudi kufuata daftari."

"Umemsikia popote?"

Kasimiri akatazama viatu vyake. "Nimesikia mvua tu."

Kwa hiyo walimtafuta njiani, wakidhani amepotelea juu, maana angekuwa bondeni Kasimiri angemsikia akiita, na giza likawakuta huko. Asubuhi ndipo watu wa kijiji walipoteremka bondeni wakamkuta. Alikuwa ndani ya shimo la wapasua mbao wa zamani, lililofunikwa na majani, hatua chache kutoka kiwanja cha sita. Panga lilibaki juu ukingoni. Mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika, na usiku mzima umelala kwenye maji machafu, siafu wameshaupata. Mjini walimkata chini ya goti. Watu wakasema, maskini, laiti angepatikana jioni ile ile.

Kasimiri hakurudi msituni tena. Mizinga yake ilianguka mmoja mmoja. Watu walidhani anamwogopa jini wa bondeni. Kumbe alichokiogopa ni kile kisanduku. Daktari Tunu alikichukua mwenyewe kutoka kiwanja cha sita siku ya pili. Ndani yake, Kasimiri aliamini, mlikuwa na sauti ya Awadhi, na karibu kabisa na sauti hiyo mlikuwa na mluzi. Siku moja mtu atakaa mezani huko mjini, atabonyeza, atasikia. Kwa miaka sita, kila gari la kijani lililotokea barabara ya Tabora lilimwingiza kwenye mahindi kujificha. Na mluzi aliuacha kabisa, hata wa kuita mbwa.

Mwaka juzi, likizo ya Juni, Bernadeta akiwa kidato cha tatu, gari la kijani lilisimama mlangoni kabisa. Kasimiri hakupata nafasi ya kukimbia. Akashuka mtu mwenye mguu wa bandia.

"Shikamoo, Mzee Kasi!"

"Mara... marahaba."

Awadhi sasa alikuwa mtafiti mwenyewe. Alikuja kuhesabu upya viwanja vilevile, aone nini kimebaki na nini kimekwenda. Bernadeta akamletea kiti na uji. Kasimiri alibaki amesimama, ameshika mwimo wa mlango.

"Kile kisanduku," akauliza. "Cha kiwanja cha sita. Mlisikiliza?"

"Aa, kile? Kiliingia maji siku ile ile. Hata chura mmoja hatukumpata." Awadhi akapuliza uji wake. "Na ndicho kilichoniuma, maana nikiwa shimoni kuna ndege alilia karibu yangu. Fupi mbili, ndefu moja, kama mluzi wako. Nikajipa moyo nikasema ni wewe. Baadaye nikaona, mbona hukuja. Nikamwandika kwenye ripoti: ndege asiyejulikana. Miaka sita namtafuta, mzee wangu. Safari hii utanisaidia?"

Kasimiri alikaa chini, pale pale kizingitini. Hakukuwa na kisanduku. Hakukuwa na mtu yeyote duniani ambaye angejua. Alimtazama Awadhi, akautazama ule mguu, kisha akamgeukia binti wa kaka yake.

"Bernadeta, uliniuliza kitu siku ile tunamenya karanga. Kaa nikujibu, na huyu asikie. Nilimsikia. Aliniita mara nne, nami nikapiga mluzi, nikaogopa kwamba si yeye. Mara ya tano hakuniita mimi. Alimwita mama yake. Hapo nikajua ni mtu. Na nikakimbia."