Distributa ya Mama Shuka

Mama Shuka aliinama kando ya pikipiki, akapitisha kidole chini ya distributa, na kidole kikarudi cheusi. Alishasema yote mara ya kwanza na mara ya pili, na maneno hayajawahi kuziba mafuta.

Pikipiki ilikuwa ya marehemu baba yake, kuukuu kuliko yeye mwenyewe, na ubavuni ilikuwa na kigari alichopakia mashuka ya nyumba ya wageni. Alifua, akapiga pasi, akapeleka. Ndiyo kazi iliyomlisha tangu mumewe alipohamia kwa mwanamke wa mtaa wa pili. Mume huyo alikuwa fundi pikipiki. Mtaani walimwita Bingwa, na jina lilimkaa kichwani kama kofia mpya.

Bingwa ndiye aliyeifumua ile distributa, kikombe cha chuma kinachogawa umeme kwenye plagi. Shafti ya ndani ilikuwa imelika, ikivujisha tone mojamoja. Akachongesha nyingine kwa rafiki yake mkereza chuma, akatia bushi mpya ya kuishikilia na sili mpya ya kuzuia mafuta, akaipangusa ikang'aa. Tangu siku hiyo tone likawa mchirizi. Mafuta yalipanda na shafti, yakalowesha platini zinazokata na kuunga umeme hadi injini ikakohoa njiani, kisha yakafurika ukingoni na upepo ukayarushia kwenye kigari.

Meneja wa nyumba ya wageni alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ndio uliotisha. Alilikunjua shuka, akalitazama doa, akalikunja tena. "Mama Shuka, tumetoka mbali mimi na wewe. Lakini nikiona doa jingine, kazi nampa mtu mwingine."

Kwa hiyo Mama Shuka alikwenda gereji. Bingwa alikuwa amechuchumaa mbele ya pikipiki ya mteja.

"Imevuja tena."

"Haivuji."

"Na hiki?" Akamnyooshea kidole cheusi.

"Hayo ni mafuta yaliyobaki nilipokuwa naifunga."

"Mwezi mzima yanabaki tu?"

"Tatizo ni mwendo wako. Unaikimbiza. Ile ni mzee, ipeleke taratibu."

"Nikiipeleka taratibu zaidi ya hapo itabidi niibebe mgongoni."

Mafundi wenzake wakacheka. Bingwa aliwageukia. "Mnamwona? Tulipokuwa wote, kila kilichoharibika ni mimi. Nimeondoka, bado ni mimi."

"Bado ni wewe," alisema Mama Shuka. "Nipe shafti ya zamani."

"Ya nini? Imekwisha ile."

"Ni ya baba. Nipe."

Bingwa aliichakura kwenye kopo la skrubu, akamrushia kama anayemtupia paka mfupa.

Nyumbani Mama Shuka alitandika gunia juu ya meza ya kupigia pasi. Kabla ya kuichomoa distributa alikwaruza alama kwa msumari, ili airudishe palepale, kama alivyomwona baba yake akifanya. Akafungua. Ndani kazi ilikuwa safi. Sili imekaa vizuri, bushi haichezi. Hilo lilimuudhi kuliko yote, maana alitamani akute uzembe wa wazi.

Akaziweka shafti mbili pamoja. Kila moja ilikuwa na mfereji mwembamba uliojizungusha mwilini mwake, kama shuka linapokamuliwa na watu wawili. Na mtu aliyekamua mashuka nusu ya maisha yake hahitaji kuambiwa mkono upi umesokota. Ya zamani ilisokotwa kwenda kushoto. Mpya ilikwenda kulia.

Akaitia ile mpya kwenye bushi, akadondoshea mafuta, akaizungusha kama injini inavyoizungusha. Mafuta yakapanda. Akatia ya zamani, iliyolika na kulegea. Mafuta yakashuka. Mfereji ule uliwekwa uyarudishe mafuta chini, na Bingwa alikuwa ameugeuza pampu ya kuyapandisha.

Mkereza chuma alimpokea kwa wasiwasi. "Shemeji, mimi nachonga ninachoambiwa. Alikuja na vipimo, urefu na unene, akasema nitie mfereji kama wa skrubu. Skrubu za kawaida huenda kulia."

"Hukuiona ya zamani?"

"Nilimwambia ailete. Akasema haina haja, yote yako kichwani."

Mama Shuka alicheka bila furaha. "Chonga nyingine, ufuate hii. Mimi nakaa hapa hapa."

"Akijua nimeirudia kazi yake je?"

"Ajue."

Aliifunga mwenyewe, alama kwa alama. Injini ikaitika. Akaenda nyumba ya wageni kwa mwendo uleule wa kukimbiza, tena aliongeza kidogo makusudi. Meneja alikunjua shuka moja baada ya jingine, akayageuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha. Yote yalikuwa meupe.

"Sasa sawa. Kazi ni yako, mama. Na umpe mumeo asante zangu. Kumbe ni fundi kweli."

Mama Shuka alikuwa ameshavaa helmeti. Akaivua, akaiweka juu ya meza ya mapokezi, akavuta kiti.

"Una nafasi?"

"Kidogo."

"Basi kaa."

Akamweleza yote, shafti, mfereji, kulia na kushoto. Meneja hakuelewa bushi wala platini, akawa anaitikia tu kwa adabu. Lakini hadithi ilipofika kwa mwanamume aliyesema yote yako kichwani, aliinuka akafunga mlango, akarudi kitini.

"Endelea," alisema.