Divai ya Kumrudisha Shangazi

Kabla sijafumbua macho nilisikia mtu anatafuna. Kru, kru, taratibu, kimya kidogo, kisha tena. Kwa muda nilidhani nipo nyumbani Ijuganyondo, maana hiyo ndiyo sauti ya asubuhi zetu: shangazi na kahawa yake iliyokaushwa, punje mbili mdomoni kabla ya sala. Nilipofumbua macho niliona mapazia mazito ya hoteli na ukuta mweupe usio na picha ya mtu tunayemjua. Shangazi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha pili, rozari mkononi, miguu haifiki kwenye zulia. Tulikuwa Nazareti.

"Umekoroma," akaniambia. "Hata hapa alipokulia Bwana Yesu unakoroma."

Tulikuwa mahujaji kutoka parokia za Bukoba na Muleba, wengi wetu wakulima wa kahawa na migomba ambao safari yao ndefu kuliko zote ilikuwa meli ya kwenda Mwanza. Padri wetu, mzaliwa wa Muleba, alitutangulia kila mahali akiwa ameinua mwavuli mwekundu ili tusipotee. Mimi sikuwa nimepangwa kwenda. Nilikwenda kwa ajili ya magoti ya shangazi, ambayo ngazi ziliyashinda, na aliyenigharamia ni binti yake mkubwa anayefanya kazi ya uuguzi ng'ambo. Binti huyo aliwagharamia watu watatu: mimi, mama yake na baba yake.

Baba yake alikuwa hoteli hiyohiyo, ghorofa ya chini, chumba kimoja na katekista. Kwetu mwanamume aliyeoa binti wa ukoo ni mkwe wa ukoo mzima, hata wa watoto, kwa hiyo mzee yule mwenye mvi nilimwita mkwe tangu nilipojifunza kusema. Ndiye aliyekuwa akinibeba mabegani tukienda kuangua mapera. Na tangu tuondoke Bukoba, yeye na shangazi hawakuwa wamezungumza neno.

Shangazi alikuwa amenoba. Hilo ni neno letu la mke anayeondoka kwa mumewe na kurudi kwao, akiwa na kosa la kushitaki. Siyo talaka. Mke aliyenoba anakaa kwa kaka zake, anangoja. Mume akimtaka, anakuja na pombe ya ndizi, anaketi karibu na mlango, anamuulizia. Wanamsikiliza, wanamtoza faini ikibidi, wanakunywa, mke anarudi. Watu wengine hufuatwa kabla nguo zao hazijakauka kwenye kamba. Shangazi hakufuatwa. Misimu ya kahawa ilipita, akawa anavuna ya baba yangu, na kila alipochelewa shambani mama alisimama mlangoni akitazama njia, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anangoja kufuatwa.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Kwenye matanga ya kaka yake, mkwe alisimama mbele ya ukoo akamtaja mtoto wa marehemu kuwa mrithi wa kibanja chake, nyumba na migomba pamoja. Yeye na shangazi wana mabinti watatu, hawana mvulana. Shangazi alilisikia hilo akiwa anapakua chakula. Alimaliza kupakua, akanawa mikono, akapanda pikipiki na gauni lile lile la jikoni hadi kwetu.

Sasa binti mkubwa, ambaye hakuachiwa hata mgomba mmoja, alikuwa amewaza kwamba Nchi Takatifu itafanya ambacho wajomba zake walishindwa. Alimwandikia padri. Padri naye akaona vyema. Katika ratiba yetu kulikuwa na Kana ya Galilaya, mahali Yesu alipokwenda arusini, na pale wenye ndoa husimama mbele ya altare na kurudia maagano yao.

Siku hiyo ndani ya basi waliimba kwa Kihaya hadi dereva Mwarabu akaanza kupiga usukani kwa vidole. Muuguzi mmoja mstaafu, mwenye ulimi usiolala, aliwatazama shangazi na mkwe waliokuwa wameketi pande mbili za basi. Akasema wawili wale ni kama abiria wa meli waliogombea kitanda. Watu walicheka. Mkwe pia alicheka. Shangazi alikuwa anatazama mizeituni.

Kanisani padri aliwaita wenye ndoa wasogee mbele. Jozi zilisimama kwa aibu, kama watoto wa komunyo ya kwanza. Mkwe alifunga kifungo cha koti, akavuka upande wa wanawake, akamnyooshea shangazi mkono. Shangazi aliutazama ule mkono. Hakuinuka.

"Padri," alisema kwa sauti ndogo, lakini kanisa lilikuwa dogo pia. "Mimi nimenoba. Mke aliyenoba hawezi kurudia maagano akiwa bado yuko kwao. Anafuatwa kwanza."

Padri alifunua kurasa za kitabu chake. Ni Mhaya, alijua kwamba ndivyo ilivyo. Sote tulikuwa tumefanya kosa moja, binti, padri na mimi niliyebeba begi. Tulidhani ndege inaweza kuruka juu ya hatua ile. Mkwe alibaki amesimama na mkono wake hewani, kisha akaurudisha mfukoni na kujifanya anatafuta miwani. Jozi nyingine zilirudia maagano yao. Sikusikia hata neno moja.

Nje kuna maduka yanayowauzia mahujaji divai. Mkwe alikaa ndani ya duka moja mpaka padri akamfuata na mwavuli wake.

Jioni, baada ya chakula, mlango wetu ukagongwa. Alikuwa mkwe, amevaa koti, amebeba chupa iliyofungwa kwa karatasi ya dukani kama mtoto aliyefungwa nepi. Nilimkaribisha kiti. Alikipita. Akaketi sakafuni, pale pale mlangoni, miguu imekunjwa, chupa mbele yake. Shangazi, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka kwake, akageukia ukuta.

"Waitu," mkwe alisema kwa heshima, akinitazama mimi. "Nimekuja kumuulizia mtu wangu. Nimesikia yuko hapa kwenu."

Nilitaka kucheka, kisha nikaona hatanii. Nikamwambia mimi ni mtoto, tena msichana. Angoje aje aseme kwa baba na ndugu zake wa Ijuganyondo.

"Nimewatafuta basi zima sikuwaona," akajibu. "Hapa ukoo wenu ni wewe."

Nikakaa kwenye kiti kile alichokikataa. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kushuka sakafuni alipokuwa, lakini nilijua nikishuka kila kitu kitavunjika. Nikamuuliza kama nilivyowahi kumsikia baba akiwauliza wakwe wengine: huyo mtu wako ulimkosea nini?

Alisimulia bila kujitetea sana. Alifanya kama walivyofanya baba zake, alisema. Ila hakumwambia mkewe, na jambo la nyumba mtu hapaswi kulisikia akiwa na upawa mkononi. Kwa hilo anaomba radhi. Kuhusu kibanja hakusema kitu.

Shangazi alizungumza akiwa bado anatazama ukuta, na alizungumza na mimi.

"Muulize mkwe wako, pombe yake amemletea nani?"

"Nimemletea binti wa kaka yako," mkwe akasema.

"Muulize, binti anaweza kuupokelea ukoo wake pombe?"

Shangazi akageuka.

"Kama binti anaweza kupokea pombe ya kunirudisha, basi binti zangu wanaweza kupokea kibanja. Achague. Ama binti ni mtu wa ukoo, ama abebe chupa yake, maana humu hakuna mtu wa kuipokea."

Kwenye korido watu wetu walikuwa wakipita wakicheka, wakitafuta lifti. Mkwe alitazama chupa yake. Niliona jinsi neno lile lilivyomwingia polepole, na sikumwona kama mtu aliyeshindwa hoja. Alionekana kama mtu aliyeonyeshwa chumba asichokijua ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Siwezi kulisema hapa," alisema mwishowe. "Hili ni la mbele ya ukoo."

"Ndiyo," shangazi akamjibu yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza. "Pale pale uliposemea lile la kwanza."

Nikamwambia aondoke na chupa yake. Siku neno likishasemwa, aje nyumbani na pombe ya kwetu.

Yerusalemu walitembea bila kuzungumza, lakini mkwe alikuwa akitembea nyuma yetu na begi la shangazi begani, na shangazi hakumwomba alirudishe. Kwenye kaburi la Bwana shangazi alipiga magoti mpaka mlinzi akamgusa bega. Usiku ule aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama mkwe alikuwa amekula. Ndipo nilipoelewa alichokiweka rehani. Angeweza kuzeeka kwetu, chumba cha nyuma, mke wa mtu anayempenda, kwa ajili ya neno moja ambalo mume wake huenda asingelitamka kamwe.

Tulirudi. Mvua za vuli zilianza. Mkwe aliita ukoo wake Muleba, na habari zilitufikia kabla yake, kila mleta habari na toleo lake: kwamba wazee walipiga kelele, kwamba mmoja aliondoka bila kula. Jumapili moja baada ya misa alifika yeye mwenyewe. Pombe ya ndizi ilikuwa imebebwa na yule mrithi, mtu mzima mwenye watoto wake.

Mkwe aliketi karibu na mlango. Alisema mbele ya baba na ndugu zake kwamba nyumba na kibanja cha juu, penye makaburi, ni vya mabinti watatu; mrithi atapata shamba la bondeni. Hakusema vizuri. Alikwama katikati, akaanza upya.

Baba alimuuliza shangazi kama amesikia. Shangazi hakumtazama mumewe. Alimtazama yule mrithi.

"Na wewe umekubali?"

"Sikufurahi, mama," mrithi akasema. "Lakini nimekubali."

"Huo ni ukweli," shangazi akasema. "Mimina."

Alikunywa wa kwanza. Kisha akaingia chumba cha nyuma na kutoka na begi lililokuwa limefungwa tangu asubuhi, ingawa wiki nzima alikuwa ametuambia haendi popote. Aliagana na baba, akanishika shavu kwa kiganja chenye harufu ya ndizi, akamshika mkono mama ambaye hakutaka kuuachia. Mama alitaka kumsindikiza hadi barabarani. Shangazi alikataa. Akatoka uani penye manyunyu, mumewe mbele, begi kati yao wakilishika kila mmoja upande wake, na mama akafunga mlango.