Nilipigwa Faini ya Mbuzi kwa Kukataa Ndizi za Mama Mkwe

Mwaka juzi, siku ya Krismasi, nilishtakiwa kwenye ukoo wa mume wangu.

Sikuiba. Sikuchepuka. Sikumtukana mtu.

Nilikataa kula ndizi.

Wasomaji wa Dar mtacheka. Mhaya yeyote anayesoma hapa ameshashusha simu kidogo na kujiuliza huyu mwanamke alikuwa anatafuta nini.

Tulieni niwape mkanda mzima.

Naitwa Immakulata, msusi wa Hamugembe, Bukoba mjini. Saluni yangu ina viti vitatu lakini saa yoyote ukipita utakuta watu tisa. Wawili wanasukwa, saba wamekuja kusikiliza. Nani kaachika, nani kajenga, padri gani kahamishwa, yote yanapita kwangu kabla hayajafika sokoni. Sioni aibu. Nyumba isiyo na watu inaniumiza kichwa.

Mwezi wa sita mwaka huo nyayo zilianza kuniwaka moto. Maji nakunywa kama ng'ombe. Chooni naenda mpaka wateja wakaanza kuuliza kama nina mimba.

Nikapimwa. Sukari kumi na saba.

Daktari alikuwa binti mdogo tu, lakini hakunizungusha.

"Mama, vidonge nitakupa. Ila vidonge haviwezi kushindana na mkungu wa ndizi."

Ndizi, acha. Ugali, wali, chapati, mihogo, soda, pombe, acha. Kula samaki, nyama, mayai, mboga za majani, parachichi. Kila baada ya muda rudi tukupime.

Nilidhani ananitania. Mimi niliachishwa ziwa kwa ndizi.

Lakini huyo mama aliyeniachisha ziwa alikatwa mguu kwa ugonjwa huu huu. Nilimwogesha miaka miwili. Kila alipokatazwa ndizi, dada zake walikuja na sufuria limefunikwa jani. "Kidogo tu, waitu, ndugu yetu. Matonge matatu hayaui mtu."

Tulimzika hajafika sitini.

Nikasema mimi hapana. Miguu yangu yote miwili naitaka.

Nilikaza, jamani. Nikanunua kimashine cha kupimia sukari. Mpaka Desemba nilikuwa nimepungua kilo kumi na nne, sukari inacheza kwenye sita, saba.

Hapo ndipo maneno yakaanza.

Kagera hii, mwanamke mnene akipungua ghafla hakuna anayemwambia amependeza. Wazazi wetu walizika watu wengi miaka ile ya UKIMWI, wembamba kwetu una historia yake. Nikaanza kuingia saluni yangu mwenyewe nikikuta mazungumzo yamekatwa. Mteja mmoja akaniinamia sikioni: "Dawa unachukulia kliniki gani? Mimi ni mtu wa siri."

Mtu wa siri, na alikuwa anaongea kama anatangaza mnada.

Miaka yote nilikuwa naisambaza habari. Sasa habari nilikuwa mimi.

Tarehe ishirini na nne tukaenda Muleba, mimi na mume wangu Joackim, kwao Buganguzi. Kila Krismasi ukoo wote unarudi pale kwa wazazi wake, Ta Ildefons na Ma Verdiana. Mimi ni mke wa mtoto wa kwanza, kwa hiyo siwezi kujificha kwenye kona.

Kwenye mkoba nilibeba mayai ya kuchemsha, kopo la senene wa kukaanga, wale panzi wetu, na kile kimashine changu.

Krismasi yenyewe, tukatoka misa, tukakaa kula.

Sahani kwa Ta Ildefons zipo, ila sikukuu wanakula kizamani. Majani ya mgomba yametandazwa juu ya mkeka, ndizi zimemwagwa katikati zinafuka moshi, zimepikwa na nyama mpaka zimebadilika rangi. Pembeni sangara. Pembeni mchicha. Watu thelathini na kitu, vicheko, watoto wanakanyagana. Yaani ile fujo ninayoipenda mimi.

Ma Verdiana akanimegea mwenyewe. Akaweka mbele yangu kilima cha ndizi. Juu yake akaweka kipande kikubwa cha nyama.

"Kula, mwanangu. Mjini wanakunyonya."

Nikachukua nyama. Nikavuta samaki. Nikajisogezea mchicha. Ndizi sikuzigusa.

Ma Verdiana aliona kabla sijameza.

"Ndizi vipi?"

"Asante, Mama. Ndizi sili siku hizi."

Sikusema kwa sauti kubwa. Lakini unajua watu wakiacha kutafuna kwa pamoja inavyokuwa.

Wifi yangu Joviana ndiye aliyedakia. Huyu mimi na yeye tunapendana kama paka wawili kwenye gunia moja.

"Labda anaogopa kuna kitu ndani," akasema, huku anachambua mwiba wa samaki.

Wanaotoka nje ya mkoa niwafafanulie. Kwetu ndizi ndiyo chakula. Vingine vyote ni vya kusindikizia. Mkwe akikataa ndizi za mama mkwe mbele ya watu, amesema neno zito bila kufungua mdomo. Amesema: wewe mama ni mchawi, unaweka sumu.

Ma Verdiana alivuta kile kilima changu kwake. Akamega tonge, akala. Akamega la pili. Watu wanatazama. Akala kilima chote, polepole, huku ananiangalia usoni, ili ukoo uone kwamba hakuna sumu.

Alipomaliza akalamba vidole, akanyanyuka, akaingia ndani.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Ta Ildefons akasema, "Tukimaliza hapa, tunakaa."

Tukakaa kweli. Wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mkeka, mimi mbele kama mwizi wa kuku. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kikazungushwa. Mimi kikaniruka.

Nikaeleza yote bila kuficha. Kiu. Miguu kuwaka. Kukojoa kila saa. Sisimizi waliokuwa wanajaa bafuni kwangu kila nikijisaidia, mpaka daktari akaniambia wanafuata sukari kwenye mkojo. Nikaeleza mpaka habari za mguu wa mama.

Baba mdogo Kashaija akakohoa. Huyu ndiye msemaji wa ukoo.

"Mkwe, sukari inakaa kwenye sukari. Hilo tumekubali, usitiwe sukari kwenye chai. Lakini ndizi mbichi hata ukiilamba, ina utamu gani?"

Vichwa vikatikisika. Hoja imepita.

"Na wale senene kwenye kopo kawakaanga kwake," Joviana akaongeza. "Vya kwake vinalika. Vya mama ndiyo vina sukari."

Lazima nikiri, aliipanga vizuri.

Ta Ildefons akatoa hukumu. Nichague moja. Nile matonge matatu ya ndizi hapo hapo, kuosha jina la mama yao. Au nilipe faini ya mbuzi kesho yake, na jina la aliyemtuhumu mama mkwe libaki langu.

Matonge matatu!

Ndizi zikaletwa kwenye jani, zimeshapoa. Joackim akaniinamia.

"Mama Lilian, kula tu yaishe. Matonge matatu hayaui mtu."

Nilimgeukia mume wangu nikamtazama kama simjui. Kati ya maneno yote duniani, akachagua hayo.

Sijui nguvu nilitoa wapi. Nikasimama.

"Baba, kwa heshima zote. Mama yangu hakuuawa na sahani iliyojaa. Aliuawa na matonge matatu matatu ya watu waliokuwa wanampenda. Mimi sili. Kesho nitaleta mbuzi."

Kashaija akaacha kutafuna kahawa yake. "Mbuzi mzima? Kwa matonge matatu?"

"Mbuzi mzima."

Nikakaa. Hakuna aliyenisemesha mpaka asubuhi, Joackim akiwemo.

Asubuhi ya tarehe ishirini na sita nikajifunga kanga nitoke kutafuta mbuzi. Ma Verdiana akaniita nyuma ya jiko. Ameshika kamba, na kwenye kamba yuko mbuzi dume mweusi.

"Mchukue huyu. Ukiulizwa, sema umemnunua kwa majirani."

"Mama, faini ni yangu."

"Jana ulisema sisimizi."

"Ndiyo, Mama."

Akanionyesha kwa kidevu upande wa migomba, karibu na ukuta. Chini pamemwagwa majivu, mengine ya zamani, mengine ya jana.

"Pale mzee anaposimama akiamka. Sisimizi hawaondoki. Nilidhani kuna mtu katutupia kitu. Mwaka mzima namwaga majivu."

"Anakunywa sana maji?"

"Anamaliza mtungi."

Nikamwambia basi tumwambie akapimwe. Akaniangalia kama mtoto mjinga.

"Nimwambie Ildefons ni mgonjwa? Atanirudisha kwetu na miaka yangu sabini. Wewe lete mbuzi na hicho kimashine chako. Mengine niachie."

Nikataka kumshukuru. Akanikata.

"Usinishukuru. Jana uliniaibisha mbele ya wakwe zangu wengine. Hilo bado tunadaiana."

Mchana mbuzi akachinjwa, akachomwa. Mkosaji ndiye anayemhudumia aliyekosewa, kwa hiyo nikampelekea Ma Verdiana kipande cha kwanza, nimepiga magoti. Akala. Ukoo ukasubiri aseme amepokea.

Akafuta mdomo.

"Nimepokea mbuzi. Lakini roho yangu haijatulia. Huyu mwanamke anatwambia kuna mashine inaona sukari kwenye damu. Mimi nasema ni uongo wa mjini. Tumwumbue leo tumalize." Akamgeukia mumewe. "Mzee, hapa hakuna mwenye afya kukuzidi. Toa kidole."

Ta Ildefons alikunja mkono wa shati kabisa, kwa kidole tu.

"Lete."

Mimi kumshika baba mkwe mkono ni mwiko. Nikabaki kwenye mkeka naelekeza kwa mdomo. Hivi, Mama. Sindano mpya hiyo. Bonyeza hapo. Ma Verdiana alibonyeza kwa nguvu ya miaka arobaini na nane ya ndoa. Mzee akaruka kidogo, akajifanya amekohoa.

Joviana ndiye aliyepewa asome, kwa kuwa ndiye mwenye macho makali.

"Kumi na tisa nukta nane."

"Ni nzuri hiyo?" Kashaija akauliza.

"Mimi miguu ilipokuwa inawaka, ilikuwa kumi na saba," nikasema.

Joviana akakitazama tena kimashine.

"Kimeharibika," Ta Ildefons akasema. "Ajipime mwenyewe tuone."

Nikajipima mbele yao, nimetoka kula mbuzi na mchicha na senene. Joviana akasoma tena, safari hii taratibu.

"Sita nukta nne."

Mzee akataka arudiwe. Akarudiwa, kidole kingine. Ishirini nukta moja. Sasa hakuna aliyenitazama mimi. Wote walikuwa wanamtazama yeye, na yeye anatazama kidole chake kama si chake.

Mwishowe akaniuliza, sauti imeshuka.

"Kwa hiyo ni ndizi?"

"Ndizi, baba."

"Na rubisi?"

Rubisi ndiyo pombe yetu ya ndizi. Hakuna mzee Buganguzi asiyeipenda.

"Na rubisi, baba."

"Hapo sasa ndiyo umenitukana."

Kashaija ndiye aliyeanza kucheka. Nyumba nzima ikamfuata, isipokuwa mzee. Yeye akanyoosha mkono kutaka watu watulie.

"Faini imefutwa. Mkwe arudishiwe mbuzi wake."

Ma Verdiana alikuwa anafyonza mfupa. Hakuinua hata kichwa.

"Mbuzi gani?"

Sitawadanganya kwamba mzee aliacha ndizi siku ile. Jioni alikula mara mbili, kwa hasira. Lakini Januari alikuja Bukoba mwenyewe, akapanga foleni kliniki, amevaa koti la harusi. Sasa yuko kwenye vidonge, na ndizi anapimiwa na mke wake. Rubisi bado wanavutana.

Joackim aliniomba msamaha. Nilimsamehe, ila nilimwambia kavu kavu: siku nyingine nikisimama peke yangu mbele ya ndugu zako, simama na mimi au kaa kimya.

Joviana hadi leo anasimulia kwamba yeye ndiye aliyegundua ugonjwa wa baba yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma namba. Mwacheni. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Na lile la mama mkwe kunidai? Bado ananidai. Krismasi iliyopita alinimegea samaki mzima, akaniwekea na nundu ya ng'ombe, akasema: "Kula, usije ukasema nakunyima." Hatukukumbatiana. Nilikula.

Ninachotaka kusema ni hiki, kwa wewe unayesoma huku kadi ya kliniki umeificha chini ya godoro, na kesho kuna sherehe kwa ndugu.

Usijifanye umeshiba. Usijifanye tumbo linauma. Usikimbilie jikoni kusaidia vyombo. Kaa kwenye mkeka kama wengine, cheka, piga umbea, na ukiwekewa usichotakiwa kula, sema hapana mchana kweupe. Watanuna. Waache wanune, kununa hakuna kidonda.

Maana ukila ili wasinune, watakupenda mpaka siku ya kukuzika. Na hapo msibani kwako, watapika ndizi.